Nani alimuuliza mtoto, na alimuulizaje: kisa cha chekechea ya Maplewood

Tarehe 30 Aprili 1985, kwa daktari wa watoto katika jimbo la New Jersey, Marekani, muuguzi alikuwa akimpima joto mtoto wa kiume wa miaka 4, kipimajoto kikiwa kimewekwa njia ya haja kubwa. Mtoto akasema kwamba hivyo ndivyo mwalimu anavyomfanyia shuleni wakati wa kulala mchana. Alipoulizwa zaidi, akajibu kuwa mwalimu humpima joto.

Miaka 3 baadaye mwalimu huyo, Margaret Kelly Michaels, alikutwa na hatia ya makosa 115 ya kuwadhalilisha kingono watoto 20, akafungwa miaka 47. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo, naye akatoka akiwa ameshakaa gerezani miaka 5. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya New Jersey ikakubaliana na mahakama ya rufaa, na hukumu yake bado inasomwa na wengi wanaoshughulika na ushahidi wa watoto wadogo. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila hatua yake ilifanywa na watu waliotaka kuwalinda watoto. Sioni dalili kwamba kuna aliyetoa ushahidi wa uongo kwa makusudi. Madhara yalitokana na namna watoto walivyoulizwa.

Maneno ya mtoto yalistahili kufuatiliwa, na mama yake alifanya sawa kutoyapuuza. Taarifa ikafika kwa maofisa wa ustawi wa watoto, kisha ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti ya Essex. Mtoto akahojiwa akiwa amepewa mdoli wenye viungo vya siri, akaingiza kidole nyuma ya mdoli. Akataja na wenzake. Wakati huo Michaels, binti wa miaka ishirini na kitu aliyeanza kazi Septemba 1984 katika chekechea hiyo ya mji wa Maplewood, iliyoitwa Wee Care, alikuwa ameshaondoka siku chache kabla kwenda kufundisha kwingine.

Katikati ya Mei wazazi wakaitwa kwenye mkutano. Mtaalamu wa masuala ya udhalilishaji akawaambia wachunguze dalili: mtoto kukojoa kitandani, kuota ndoto mbaya, kujishikashika, kubadilika tabia kwa namna yoyote. Aliyewahi kulea mtoto wa miaka 3 au 4 anajua kwamba orodha hiyo inamgusa karibu kila mtoto, mwezi wowote. Wazazi wakarudi nyumbani na hofu, wakaanza kuuliza. Watoto wakawa wanaulizwa mezani, ndani ya gari, wakati wa kuoga. Wazazi wakapigiana simu, na jibu la mtoto wa nyumba moja likawa swali la nyumba ya pili.

Kisha wakaja wapelelezi, maofisa wa ustawi na wataalamu wa tiba. Watoto takriban 50 wa chekechea ile walihojiwa, baadhi yao mara kadhaa. Kadiri mahojiano yalivyoendelea, ndivyo madai yalivyozidi kuwa makubwa: mwalimu alicheza piano akiwa uchi, alipaka siagi ya karanga sehemu za siri, alitumia visu, uma, vijiko na vitofali vya kuchezea, aliwalisha watoto kinyesi. Ilidaiwa kwamba yote haya yalifanyika kwa miezi 7, mchana, ndani ya jengo lenye walimu wengine, huku wazazi wakiingia na kutoka. Hakuna mtu mzima aliyeona kitu, na hakuna mtoto aliyefika nyumbani na kulalamika kabla ya uchunguzi kuanza. Baraza la wazee wa mahakama lilisikiliza kesi kwa takriban miezi 9, likamtia hatiani Aprili 1988.

Ndani ya chumba cha mahojiano

Mazungumzo ya mwanzo kabisa na watoto hayakurekodiwa. Hili naliweka mbele ya mengine yote, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo ingetueleza mtoto alisema nini kabla ya mtu mzima kumwekea neno mdomoni. Yaliyorekodiwa ni ya baadaye. Mahakama ya Juu iliyasoma na kuambatanisha vipande vyake kwenye hukumu, ili msomaji ajionee mwenyewe.

Katika mahojiano hayo mpelelezi ndiye anayeanza kutaja kisu au kijiko, kisha anamtaka mtoto aonyeshe kwenye mdoli kilitumikaje. Mtoto akisema hapana, swali linarudi. Akisema tena hapana, linarudi kwa umbo jingine. Kuna mtoto aliyesema hajui, amesahau. Akaambiwa ajibu tu hilo moja ndipo ataruhusiwa kuondoka. Mtoto akamwambia mhojaji kwamba anamchukia. Mhojaji akamjibu kuwa hapana, unanipenda, kisha akaendelea na swali lilelile. Watoto waliambiwa kwamba Kelly yuko jela kwa sababu amefanya mambo mabaya, na kwamba wakisaidia ataendelea kukaa huko. Waliambiwa wenzao wameshasema. Waliokubali kushirikiana waliahidiwa beji ya polisi ya kuchezea. Aliyekataa alisikia jinsi itakavyokuwa vibaya wenzake wakijua kwamba hakutaka kuwasaidia.

Tujaribu kukaa kwenye kiti cha mtoto huyo. Ana miaka 4. Mtu mzima mgeni, mwenye mamlaka, anamuuliza jambo. Anajibu ukweli, na ukweli haupokelewi. Katika maisha yake yote mtu mzima akirudia swali, maana yake jibu la kwanza lilikuwa kosa: mama akiuliza mara ya pili kama umenawa mikono, anajua hujanawa. Kwa hiyo mtoto anafanya kile alichofunzwa kufanya, anatafuta jibu ambalo mkubwa anataka. Hajadanganya kwa maana ya kukusudia kumpoteza mtu. Ametii.

Mahojiano yakirudiwa wiki baada ya wiki, utii huo unageuka kumbukumbu. Mtoto wa umri huo anashindwa sana kutofautisha chanzo cha jambo lililomo kichwani mwake, kama aliliona, aliliota, alisimuliwa au aliulizwa. Picha ya kijiko iliyoletwa na swali la Jumatatu inabaki, na wiki ya pili anapoulizwa, kijiko kinamjia kama kitu anachokikumbuka. Anaongeza maelezo ya kwake, analia, anaogopa. Kufikia mahakamani anaweza kuwa anaamini kila anachokisema, na ndiyo maana wakili hawezi kumbana kwa maswali kama anavyombana mtu mzima anayedanganya.

Katika kesi ya Michaels hata nafasi hiyo ya kumbana ilikuwa finyu. Watoto walitoa ushahidi kutoka chumba cha jaji kupitia televisheni, jaji akiwa pamoja nao, akicheza nao na kuwapakata. Mahakama ya rufaa ilimkosoa kwa hilo: wazee wa baraza waliona jaji mwenyewe akiwabembeleza mashahidi wa upande mmoja.

Nadharia iliyokuwa haiwezi kushindwa

Wengi wakisimulia kesi hii hukazia maswali ya kuongoza. Kwa maoni yangu, tatizo lilikuwa ndani zaidi ya hapo. Wahojaji waliingia chumbani wakiwa wameshaamua. Upande wa mashtaka ulimleta mtaalamu aliyeeleza kuwa mtoto aliyedhalilishwa hupitia hatua, na moja ya hatua hizo ni kukana. Kwa hesabu hiyo, mtoto akisema ndiyo, limetokea. Akisema hapana, yuko kwenye hatua ya kukana, kwa hiyo limetokea. Akiogopa ni dalili, akicheka ni dalili, akichoka na kukimbia chumbani ni dalili. Hakukuwa na jibu ambalo mtoto angeweza kutoa likamfanya mhojaji afikirie kwamba pengine hakuna kilichotokea. Mahakama ya rufaa ilisema ushahidi wa mtaalamu huyo haukupaswa kutumiwa kuthibitisha kwamba udhalilishaji ulitokea, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya kufuta hukumu.

Ni kweli kwamba watoto waliodhalilishwa hukana mara nyingi, kwa woga, aibu, au kwa kumpenda aliyewaumiza. Lakini mtoto ambaye hakuguswa naye hukana, na kwa nje wawili hawa wanafanana. Ndiyo maana kukana hakuwezi kuwa ushahidi wa jambo linalokanwa.

William Thompson na wenzake walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997. Watoto wa miaka 5 na 6 walimwona mfanya usafi aliyeitwa Chester. Baadhi walimwona akisafisha midoli, wengine wakamwona akiichezea kwa fujo. Kisha wakahojiwa. Mhojaji asiyeegemea upande alipata maelezo sahihi kwa kiasi kikubwa. Mhojaji aliyesisitiza kwamba Chester alikuwa akicheza, na aliyesisitiza kwamba alikuwa akifanya kazi, kila mmoja aliishia kupata hadithi aliyokuja nayo, hata pale mtoto alipokuwa ameona kinyume chake. Wazazi walipowauliza baadaye, watoto waliwapa hadithi ileile ya mhojaji.

Kuna utafiti mwingine, wa Michelle Leichtman na Stephen Ceci, uliochapishwa mwaka 1995. Mgeni aliyeitwa Sam Stone alitembelea chekechea kwa dakika chache, akasalimia, akaondoka. Hakugusa kitu. Kundi moja la watoto lilikuwa limeambiwa kabla kwamba Sam ni mtu wa kuharibu vitu, kisha kwa wiki 10 likaulizwa maswali yaliyochukulia kwamba alichana kitabu na kumchafua mdoli wa dubu. Mwishoni mhojaji mpya alipowadadisi, asilimia 72 ya watoto wa miaka 3 na 4 walisema Sam alifanya angalau kosa moja. Walipoulizwa kama walimwona kwa macho yao, asilimia 44 walisema ndiyo. Asilimia 21 walishikilia hata walipopingwa kwa upole.

Kilichonishtua zaidi ya takwimu hizo ni kilichofuata. Video za watoto hao zilionyeshwa kwa wataalamu, wakiwemo wanaofanya kazi hiyo kila siku, wakaombwa waseme ni mtoto gani anasema kilichotokea. Walishindwa. Watoto waliokuwa na hadithi ya uongo walikuwa na maelezo mengi, ishara za mikono, hata kujisahihisha. Kwa hiyo jaji au ofisa wa polisi anayesema kwamba akimtazama mtoto usoni atajua, anajiamini kuliko ushahidi unavyomruhusu.

Maneno ya wenzao shuleni nayo si madogo. Mwaka 2006 Gabrielle Principe na wenzake walichapisha jaribio la sungura wa mwanamazingaombwe. Baadhi ya watoto walisikia watu wazima wakisema sungura ametoroka shuleni. Baada ya muda, watoto waliosikia habari hiyo kutoka kwa wenzao tu walikuwa wakiisimulia, na wengi walidai walimwona sungura huyo. Ilikuwa hivyo hata kwa watoto waliohojiwa bila maswali ya kuongoza. Porojo za uwanjani zilitosha. Kwa hiyo pale watoto wa shule moja wanaposema jambo moja, swali la kwanza la mpelelezi linapaswa kuwa: wamekutana wapi tangu habari ianze?

Uamuzi wa mwaka 1994

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, Maggie Bruck na Stephen Ceci waliandika waraka wa kisayansi kwa ajili ya majaji, ukiungwa mkono na makumi ya watafiti. Jaji Alan Handler akaandika hukumu tarehe 23 Juni 1994. Mahakama haikusema kwamba watoto hawaaminiki. Ilikataa pia wazo kwamba watoto kwa asili ni dhaifu kuliko watu wazima kiasi cha kudhaniwa waongo. Ilichosema ni kwamba ukweli wa maneno ya mtoto unategemea namna yalivyopatikana, na ikataja kinachoharibu: mhojaji asiyefuatilia uwezekano mwingine, maswali ya kuongoza yanayorudiwa, kumpaka matope mshtakiwa, kutaja waliyosema wenzake, vitisho, hongo na kubembeleza, na kutorekodi mahojiano ya mwanzo.

Kisha ikaweka utaratibu. Mshtakiwa akionyesha ushahidi kiasi kwamba mahojiano yalikuwa ya kushinikiza, kesi inasimama kabla haijaanza, na jaji anasikiliza suala hilo peke yake. Upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha, kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kwamba maneno ya mtoto bado yana uaminifu wa kutosha licha ya yaliyofanyika. Wakishindwa, mtoto hasimami kizimbani. Katika kesi ya Michaels, waendesha mashtaka waliutazama mzigo huo, na Desemba 1994 wakaondoa mashtaka.

Utaratibu huu umelaumiwa kwamba unawanyima watoto sauti, na lawama hiyo nimeifikiria sana. Sikubaliani nayo. Aliyewanyima watoto wale sauti ni yule aliyewauliza. Kama kulikuwa na mtoto hata mmoja katika chekechea ile aliyeguswa kweli, maneno yake yalifukiwa chini ya maswali ya watu wazima, na hakuna mahakama inayoweza kuyafukua.

Upande wa pili wa mizani

Ningekuwa nimewadhulumu watoto kama ningeishia hapo. Mwaka 1991 Karen Saywitz na wenzake walichapisha utafiti wa wasichana wa miaka 5 na 7 waliofanyiwa uchunguzi wa kawaida na daktari, nusu yao wakikaguliwa sehemu za siri. Walipoombwa tu kusimulia kilichotokea, wengi wa waliokaguliwa hawakulitaja jambo hilo kabisa. Wengi walilisema pale tu walipoulizwa moja kwa moja, na ni wachache mno miongoni mwa ambao hawakukaguliwa waliodai kukaguliwa. Kwa hiyo anayesema tusubiri mtoto aseme mwenyewe atawaacha watoto wengi mikononi mwa wanaowaumiza. Tofauti ni kwamba wasichana wale waliulizwa mara moja, bila hongo wala jina baya kwa daktari.

Tofauti hiyo ilipimwa pia. Mwaka 1998 Sena Garven na wenzake walilinganisha maswali ya kuongoza peke yake na mbinu zilizotumika katika kesi nyingine kubwa ya zama zile, ya shule ya McMartin huko California: kusifu, kutaja wenzake, kurudia swali. Maswali ya kuongoza peke yake yalizaa majibu ya uongo asilimia 17. Mbinu zote zikijumlishwa, asilimia 58, na ilichukua dakika chache tu.

Kutokana na misiba hii, Michael Lamb, Kathleen Sternberg na wenzao walitengeneza utaratibu wa mahojiano uliojaribiwa Israel, Uingereza, Marekani na kwingineko. Mhojaji anaanza na kanuni: hujui, sema hujui, nikikosea, nisahihishe. Anamfanyisha mtoto mazoezi ya kusimulia jambo lisilo na ubaya, labda sikukuu iliyopita. Kisha anasema, niambie kilichokuleta hapa, tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu anatumia maneno ya mtoto mwenyewe: umesema alikushika, niambie yote kuhusu hapo. Swali la ndiyo au hapana linakuja mwisho kabisa, na likijibiwa, linarudishwa kwenye masimulizi. Kila kitu kinarekodiwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto wa Tanzania asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo kwa kuahidi tu kusema kweli. Vilevile, katika makosa ya kujamiiana mahakama ya Tanzania inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya nacho kinaruhusu hivyo kwa mwathirika. Naziunga mkono sheria hizi, maana makosa haya hufanyika pasipo shahidi mwingine. Lakini zinaupa uzito mkubwa mno ulimi wa mtoto, na ahadi ya kusema kweli haimsaidii mtoto ambaye kumbukumbu yenyewe imeshabadilishwa. Mtoto wa Maplewood angeahidi, na angekuwa mkweli katika ahadi yake.

Na kwetu mhojaji wa kwanza kwa kawaida si polisi. Ni mama, bibi, jirani au mwalimu wa darasa, na mara nyingi anauliza kwa hasira, fimbo ikiwa mkononi, akitaja jina la anayemshuku: ni fulani, sema ni fulani! Wakili wa utetezi akilijua hilo, mtoto aliyeumizwa kweli anaweza kupoteza haki yake kwa swali hilo moja.

Kwa hiyo mtoto akikuambia jambo, kaa chini ulingane naye. Usitaje jina ambalo hajalitaja, wala kiungo ambacho hajakitaja. Mwambie, niambie zaidi, halafu nini kikatokea, kisha nyamaza. Usimwahidi zawadi, usimtishe, usimwite mdogo wake aje kuthibitisha. Ukishajua kinachotosha kumlinda usiku huo, acha kuuliza. Andika papo hapo maneno yake kama alivyoyatamka, na maswali yako kama ulivyoyauliza, pamoja na tarehe na saa. Mtenge na anayetajwa. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, au mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au Kituo cha Mkono kwa Mkono, na karatasi hiyo umkabidhi ofisa atakayemhoji kabla hajaanza.